Mwanga Unatoka Wapi?

(Maneno haya niliyasema Jumamosi moja alasiri katika ukumbi wa jamii huku Eastlands, Nairobi, mbele ya watu waliotaka kuanza kupiga picha. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, na maswali ya waliohudhuria nimeyaacha mahali pake.)

Hamjambo? Upande huu umeitika, upande ule bado unatafuta viti. Karibuni, sogeeni mbele. Wazee wetu mlioketi pale dirishani, akina mama, na nyinyi vijana mlioniambia mlangoni kwamba mmekuja tu kuona kamera, asanteni kwa kuja. Kamera ninayo. Iko kwenye mkoba na itakaa humo kwa muda.

Kwanza toeni simu zenu. Zigeuzeni, mtazame kile kioo kidogo cha nyuma. Sasa kifuteni, kwa pindo la lesso au shati la pamba, mradi ni safi. Watu huniletea picha zenye ukungu wakilalamika kwamba simu yao ni mbovu. Mara nyingi simu haina neno. Ni mafuta ya chipsi.

Somo la kwanza limekwisha, na hatujalipa hata shilingi.

Mimi sikuanza na kamera, nilianza na ufagio. Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kazi katika studio ya picha za pasipoti River Road, ghorofa ya pili, kufagia na kupanga watu foleni na kuwakumbusha wavue kofia. Mwenye studio alikuwa mzee wa enzi za filamu. Miezi mitatu hakuniruhusu kugusa kamera. Lakini kila mteja alipoketi kwenye stuli aliniuliza swali lile lile: "Msichana, mwanga unatoka wapi?"

Siku ya kwanza nilimwonyesha taa kwa kidole. Akacheka. Akaniambia niache taa, niangalie jicho la mteja. Ndani ya mboni ya mtu kuna nukta nyeupe, na mahali ilipo nukta ile ndipo mwanga unakotokea. Ikiwa juu kushoto, mwanga uko juu kushoto. Zikiwa mbili, kuna taa mbili. Isipokuwapo kabisa, jicho huonekana limekufa, hata kama mtu anacheka. Kisha akaniambia nifuate kivuli cha pua. Kikianguka shavuni, mwanga uko pembeni. Kikianguka mdomoni, mwanga uko juu mno. Kikiwa na ukingo mkali kama umekatwa kwa wembe, mwanga ni mdogo kwa umbo au uko mbali, kama jua au balbu tupu. Ukingo ukiyeyuka polepole, mwanga ni mpana, kama dirisha lenye pazia.

Jioni, kwenye matatu ya kurudi nyumbani, nilikuwa nikisoma nyuso za abiria mpaka wengine wakadhani nina deni lao.

Mzee wangu pale dirishani, naomba tukutumie kidogo. Tazama nje. Mnaona? Uso wote umejaa, nukta ziko machoni. Sasa nitazame mimi hapa mbele. Nusu ya uso ina mwanga na nusu ina kivuli, na mikunjo ya paji la uso imejitokeza. Sasa lipe dirisha mgongo. Mzee ameondoka, imebaki kofia na masikio yenye ukingo wa mwanga. Mtu ni yule yule na dirisha ni lile lile. Asante, mzee wangu. Basi zoezi lenu la wiki ya kwanza ni hili: mtu mmoja, dirisha moja, mkimzungusha taratibu kama saa. Na balbu izimwe. Mwanga wa balbu una manjano, wa dirisha una samawati, na uso ukiwa katikati ya ugomvi huo hutoka na rangi ambayo hamtaijua ni ya nani.

Wengi wenu mnajifunza kwa video za intaneti. Sizipingi, nimemaliza bando nyingi huko. Lakini mjue anayewafundisha amesimama wapi. Mtu wa London akikwambia upige picha saa ya dhahabu, yaani wakati jua liko chini na mwanga wake ni laini wenye rangi ya asali, yeye ana nafasi ya kuchelewa. Kwao jua huzama kwa mshazari, likijivuta. Sisi tuko kama digrii moja na robo kusini mwa ikweta. Jua letu hupanda karibu wima na kushuka karibu wima, digrii 15 kila saa. Tangu lifike digrii 6 juu ya upeo wa macho hadi litue ni kama dakika 24. Kwa hiyo ukipatana na rafiki mkutane Uhuru Park saa kumi na mbili jioni, naye afike saa kumi na mbili u nusu na hadithi za foleni ya Jogoo Road, mwanga mliokubaliana umeshakwenda.

Na jua la mchana? Karibu na katikati ya Machi, na tena mwishoni mwa Septemba, jua la adhuhuri hutupita utosini kabisa, na miezi mingine halikai mbali na hapo. Ukimpiga mtu picha chini yake, macho huwa mashimo mawili na pua humchorea masharubu, hata awe bibi harusi. Mtoe juani. Ila usimkimbilize chini ya mti wenye majani machache, kwa maana atatoka na madoa kama chui. Mweke barazani au mlangoni pa duka, hatua moja tu ndani ya kivuli, akitazama nje. Ardhi iliyopigwa na jua itamrudishia mwanga usoni kutoka chini na kujaza yale mashimo. Angalia pia ni nini kinachorudisha mwanga huo. Udongo wetu mwekundu humtia mtu joto la kupendeza. Ukuta uliopakwa kijani, na huku mtaani zimejaa, utampa uso wa mtu aliyetoka wodini.

Halafu kuna Julai. Kuanzia Juni hadi Agosti tunavaa sweta na kununa, anga ya Nairobi imefunikwa kama sufuria. Kwangu huo ndio msimu bora wa nyuso. Wenye studio hununua vitambaa vyeupe vipana ili kulainisha mwanga wa taa, na sisi tumetandaziwa kimoja juu ya jiji zima. Mwaka huu baridi ikianza, badala ya kulala, mpige mama yako picha uani saa nne asubuhi, kisha mwambie alinganishe na ile ya Januari.

Sasa nimeitoa kamera. Naona waliokuwa wanasinzia wamekaa wima.

Kwenye kamera tunarekebisha mambo matatu tu ya mwanga. Tundu la lenzi lina upana gani, pazia lake, yaani shata, linakaa wazi muda gani, na ile sehemu ya ndani inayopokea mwanga tunaikuza nguvu yake kiasi gani. Sehemu hiyo huitwa sensa, na kweli kazi yake ni kuhesabu, ingawa haibishi hodi nyumbani kwenu usiku na fomu.

Tundu ndilo linalowachanganya watu, kwa sababu f/4 ni tundu kubwa na f/16 ni dogo. Fikirieni chapati. Ukiikata vipande vinne na nyingine vipande kumi na sita, utachagua kipande kipi? Hesabu ni ile ile, urefu wa lenzi unagawanywa kwa namba hiyo. Lenzi ya milimita 50 kwa f/2 ina tundu la milimita 25, na kwa f/16 lina milimita 3 tu. Tundu likiwa kubwa, kilicho mbele na nyuma ya mtu hufifia. Likiwa dogo, mtu na duka lililo nyuma yake huonekana vyote. Kwenye simu nyingi tundu halibadiliki, na ule ukungu wa nyuma ya mtu ni programu inayokisia. Ndiyo maana wakati mwingine hukata kiduku cha watu nusu.

Shata ni muda. Watoto wanaruka kamba nje? Kwa 1/1000 ya sekunde utawagandisha hewani, na kamba pia. Lakini nendeni siku moja kwenye daraja la waenda kwa miguu juu ya Thika Road, mweke 1/30, mlifuate matatu moja kwa kamera huku likipita, na mbonyeze bila kusimamisha mkono. Ukilipata vizuri, michoro yake husomeka na barabara yote hugeuka mistari. Mtalikosa mara thelathini kwanza. Mimi huwa nalikosa bado.

Na ISO, yaani kile kiasi tunachoikuza nguvu ya sensa, ni kama redio ya betri inayotafuta stesheni ya mbali. Ukiongeza sauti unamsikia mtangazaji, lakini na ule mkwaruzo unauongeza. Usiku ongeza ISO bila hofu, maana picha yenye chengachenga ni afadhali kuliko picha iliyotikisika. Asubuhi ukumbuke kuirudisha.

Watu wa filamu walikuwa na kanuni isiyohitaji betri. Jua likiwa wazi kabisa, weka tundu f/16, na shata iwe sekunde moja ukiigawanya kwa ISO. ISO 100, basi shata iwe kama 1/100. Ijaribuni na kamera ya kuazima. Ukipata picha nzuri bila kipimo chochote, utaacha kuiogopa ile duara yenye herufi juu ya kamera.

Nitawaambia jambo ambalo silipendi kulisimulia. Harusi ya kwanza niliyopiga peke yangu niliiachia kamera ifanye kila kitu. Bibi harusi alivaa gauni jeupe lililojaza kila picha. Sikujua kwamba kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui kinachotazama. Kimeundwa kidhani kwamba mandhari yoyote, ukiyachanganya pamoja, ni kijivu cha wastani. Kikiona weupe mwingi, hutia kiza mpaka weupe uwe kijivu. Kikiona weusi mwingi, huufifisha mpaka uwe kijivu vilevile. Bwana harusi alikuwa mweusi wa kung'aa, mtu mwenye tabasamu zuri sana. Kwenye picha zangu alikuwa suti iliyosimama, yenye meno. Nilipozipeleka, mama yake alizitazama kwa utulivu, akauliza, "Mwanangu, na huyu ni nani?" Nililipwa nusu, na hata hiyo nusu niliona aibu kuipokea.

Dawa yake iko kwenye kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Weupe mwingi kwenye picha, jumlisha. Weusi mwingi, toa. Kwenye simu, gusa uso wa mtu, kisha telezesha kile kijua kidogo juu au chini. Na kwa ngozi zetu msiishie kugusa tu. Kamera ikiupima uso mweusi peke yake hutaka kuuangaza mpaka uwe na rangi ya vumbi, kwa hiyo uteremshe kidogo mpaka ngozi ing'ae ilivyo.

Kijana mmoja aliwahi kuniambia ngozi nyeusi ni ngumu kupiga. Ngumu kwa nani? Kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kadi iliyotoka Kodak, kampuni ya filamu ya Marekani, yenye picha ya mwanamke mzungu, na kadi zile zikaitwa Shirley. Akipendeza Shirley, mashine imekaa sawa. Sisi tulitoka vile tulivyotoka. Na walioichokoza kampuni ile ikarekebisha filamu zake ni pamoja na watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka hudhurungi mbalimbali zitofautiane kwenye matangazo. Yaani kabati lilisikilizwa. Kwa hiyo mtu akikwambia hivyo tena, mwambie afungue dirisha, amgeuze mteja, atelezeshe kijua.

Dada aliye nyuma ameinua mkono. Anasema anauza viatu vya mitumba mtandaoni, anapigia picha chumbani usiku, na picha zinatoka na mistari ya giza. Swali zuri sana. Umeme wetu wa Kenya huzunguka mara 50 kwa sekunde, na taa nyingi za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, shata ya haraka inaona. Ikiwa simu yako inakuruhusu kuchagua, weka 1/50 au 1/100, mistari itapungua au itakwisha. Lakini dada yangu, kwa nini usiku? Piga asubuhi, kiatu kikiwa kwenye meza karibu na mlango ulio wazi, upande usio na jua. Nunua karatasi mbili nyeupe za manila. Moja itandike chini na kuipandisha ukutani bila kuikunja, nyingine isimamishe upande wa giza irudishe mwanga. Na usivute picha kwa vidole, sogea wewe. Simu nyingi zikivutwa mbali hukata tu katikati ya picha na kuipanua.

Ninunue kamera gani? Mlikuwa mnalisubiri hilo tangu saa tisa. Mwaka 1975 mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, alitengeneza kamera ya kwanza ya kidijitali ya kubebeka. Ilitoa picha nyeusi na nyeupe yenye nukta 10,000, ikachukua sekunde 23 kuiandika kwenye kanda ya kaseti. Simu yenye megapikseli 12, yaani nukta milioni 12, ina nukta mara 1,200 ya hizo. Kwa hiyo nukta si shida yenu tena. Tumieni simu miezi sita. Baadaye, ukiona kuna picha unayoiona kwa jicho na simu inakataa, ndipo ununue, na utajua unanunua nini. Kamera ya mtumba inatosha. Muulize muuzaji shata yake imepiga mara ngapi, kwa kuwa shata za kamera nyingi za wanaoanza hukadiriwa kama mara 100,000. Pesa itakayobaki inunue lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo haivuti mbali wala karibu. Utalazimika kutembea, na kutembea ndiko kutakakokufundisha.

Mpiga picha wa habari Mohamed Amin alizaliwa hapa Nairobi mwaka 1943 na akaanza na Box Brownie, kisanduku ambacho karibu hakina cha kurekebisha. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliifanya dunia isimame. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono, akarudi kazini na mkono wa bandia, hadi alipokufa mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa na kuanguka baharini Comoro. Kabla yake mji huu ulimtoa Priya Ramrakha, mpiga picha aliyeuawa katika vita vya Biafra, Nigeria, mwaka 1968 akiwa kazini. Tafuteni picha za wote wawili. Mkizipata msizipitie haraka kama za mtandaoni. Iwekeni moja mbele yenu robo saa, mlijibu lile swali la mzee wa River Road.

Kwa mazoezi, filamu ilitudai daftari. Mzee wangu alikuwa nayo rafu nzima. Nyinyi daftari mnalo bila kujua. Kila picha ya kidijitali hujiandikia ndani yake shata, tundu, ISO na saa iliyopigwa. Fungueni maelezo ya picha, msome. Nami nasisitiza msifute picha mbovu siku ile ile. Kaeni nazo juma moja. Chagueni kitu kimoja, kibanda cha mboga au kona ya ploti yenu, mkipige asubuhi, adhuhuri na jioni kwa siku saba. Picha 21. Kisha chapisheni tatu kwenye karatasi, muwape watu wasiowapenda sana wazitazame. Mama zenu watazisifu zote.

Mafaili ghafi, yaani picha ambazo kamera haijazichakata, nayapita haraka, mtayafikia. Ila nakala, hapana, hilo sipiti: picha iliyo mahali pamoja tu ihesabuni kwamba imeshapotea.

Na mtu muulizeni kwanza. Mama mboga mmoja wa Gikomba nilimwomba nimpige picha, akaniangalia kutoka juu hadi chini: "Unipige nimekukosea nini?" Tulicheka, nikanunua sukuma wiki, nikapata picha. Pia kuna sheria. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, na tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data. Ukitaka kuitumia sura ya mtu kutangaza biashara, pata kibali chake, na kwa mtoto uliza mzazi. Kituo cha polisi na kambi ya jeshi, kamera ibaki mkobani. Na barabarani fungeni kamba ya simu kwenye kifundo cha mkono. Boda boda anayenyakua simu hatakuuliza umeweka ISO ngapi.

Nina maswali matatu hapa kwenye karatasi, nitayajibu tukiwa nje, kwa sababu tazameni pale mlangoni. Saa imefika kumi na mbili na dakika tano. Mwanga umeshafika kwenye kizingiti na umeanza kuwa wa asali. Mama wa chapati aliye pale ng'ambo nilizungumza naye kabla ya kuingia, amekubali, na amesema wa kwanza kumpiga vizuri atapewa moja ya moto. Acheni viti vilivyo, tutavipanga baadaye. Mzee wangu, nipe mkono, twende.